Sura ya Nne: Uniti Zinakwenda Wapi?

Luku inapokata saa tatu usiku, kesi husikilizwa gizani. Mshtakiwa wa kwanza huwa taa ya uani, iliyoachwa ikiwaka juzi mpaka jua likachomoza. Wa pili ni kijana wa nyumbani anayelala na simu ikiwa kwenye chaji. Baba anakumbusha kwamba umeme amenunua majuzi tu, mama anauliza ni nani aliyepiga pasi nguo moja moja wiki nzima, na mwishowe mtu anashika simu, ananunua, na tarakimu 20 za tokeni zinaingizwa kwa mwanga wa tochi. Kesi inaahirishwa mpaka luku itakapokata tena.

Tuanze kwa kuwaachia huru hao wawili wa mwanzo. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 12 inakula uniti 0.108. Kwa mteja wa matumizi ya kawaida wa TANESCO, hiyo haifiki shilingi 40. Simu ikijazwa kutoka sifuri hadi mia inachukua kama uniti 0.02, yaani shilingi saba hivi. Anayezima taa ya uani kila usiku kwa mwaka mzima ataokoa takriban shilingi 14,000. Si haba, na azime tu. Lakini si taa hiyo iliyomaliza umeme wa elfu ishirini ndani ya siku tano.

Taa tunazishuku kwa sababu tunaziona. Friji haionekani ikila. Pampu ya maji iko nyuma ya nyumba, kisimbuzi kina kitaa kimoja chekundu ambacho hakuna anayekijali, na jagi la kuchemshia maji linafanya kazi dakika nne tu, nani atalihesabu? Sura hii inahusu kuwapima hao wasioonekana, kwa vitu ambavyo tayari unavyo: mita, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na daftari.

Mfumo wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, uliingia Tanzania katikati ya miaka ya 1990. Kabla yake umeme ulikuwa habari ya mwisho wa mwezi: msoma mita anapita, bili inafuata, na wakati huo umeshasahau ulichokiwasha tarehe tatu. Kulipa kabla peke yake kunabadili tabia. Wachumi Kelsey Jack na Grant Smith walifuatilia kaya za Cape Town, Afrika Kusini, zilizohamishwa kutoka kwenye bili kwenda mita za malipo kabla, wakakuta matumizi ya umeme yameshuka kwa takriban asilimia 14. Hakuna aliyewapa friji mpya watu wale. Walianza tu kuiona hela inavyopungua. Naye Sarah Darby wa Chuo Kikuu cha Oxford, alipokusanya tafiti nyingi za aina hii mwaka 2006, alikuta kwamba watu wanaoonyeshwa matumizi yao papo hapo huokoa kati ya asilimia 5 na 15.

Sisi basi tumeshavuka hatua ya kwanza. Kilichobaki ni kwamba mita inakupa jumla ya nyumba nzima bila kutaja jina la mtu. Kuipata hiyo orodha ya majina ni kazi yako.

Hesabu kwa uniti, usihesabu kwa shilingi. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na hawapotei kwa uzembe: risiti yenyewe inachanganya. Kwa bei za EWURA za mwaka 2016, uniti moja ya kundi la T1, walipo wateja wengi wa mjini, ni shilingi 292. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, na bei inafika takriban shilingi 356. Ndiyo maana umeme wa elfu kumi unakupa uniti 28. Ila tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo, na baada ya kupandishwa mwaka 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ununuzi wako wa kwanza wa mwezi wa elfu kumi unageuka kuwa wa 8,500, na uniti zinashuka hadi 24 kasoro. Mtu akiona hivyo anasema umeme umepanda, au mita inakimbia. Mita haijakimbia. Kwa mpangaji, hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, na ni vizuri mkaizungumza mapema kabla haijawa ugomvi.

Kundi la D1 lina hesabu nyingine. Hili ni la wale ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti kwao ni shilingi 100, na pamoja na makato 122, kwa hiyo uniti zote 75 ni shilingi 9,150. Ukizidisha, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato, karibu 427 baada yake. Na anayezidisha kila mwezi atajikuta amehamishiwa T1, ambako uniti zile zile 75 zinakaribia shilingi 26,700. Kwa nyumba ya D1, kujua uko uniti ya ngapi ifikapo tarehe 20 si mchezo wa wapenda hesabu. Ni tofauti ya shilingi elfu kumi na saba.

Sasa daftari. Kila siku saa ileile, tuseme saa moja usiku, soma uniti zilizobaki na uandike. Uniti za jana, ongeza ulizonunua, toa za leo: hayo ndiyo matumizi ya siku. Jumapili zilikuwa 41.3, Jumatatu 37.9, hamkununua kitu, basi mmetumia 3.4. Kazi hii mpe mtoto wa darasa la tano au la sita, ataifanya kwa uaminifu kuliko wewe, na atakuwa wa kwanza kupiga kelele namba ikiruka. Pembeni andika mambo yasiyo ya kawaida: wageni, kufua, umeme kukatika saa sita. Bila hilo la mwisho utajipongeza kwa kuokoa umeme ambao kwa kweli hukuletewa.

Baada ya wiki mbili utakuwa na wastani wa nyumba yako. Hapo ndipo upelelezi unaanza, na shahidi wako ni kile kitaa kidogo chekundu kinachopepesa kwenye uso wa mita. Karibu nacho pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, au 1600, au nyingine. Maana yake ni kwamba kikipepesa mara hizo, uniti moja imekwisha. Mita ikiwa ya 1000, hesabu kimepepesa mara ngapi kwa dakika moja, zidisha kwa 60, na umepata wati zinazotumika ndani ya nyumba dakika hiyo. Ikiwa ya 1600, zidisha kwa 37.5. Kama mita iko juu ya nguzo na wewe una kifaa cha kuingizia tokeni tu ndani, rudi kwenye njia ya kusoma uniti kabla na baada, itachukua muda mrefu zaidi lakini jibu ni lile lile.

Jaribu jioni moja. Zima na chomoa kila kitu, bakiza taa moja, na usimame mbele ya mita. Kitaa kitapepesa, utasubiri, utadhani kimekufa. Kwenye mita ya 1000, wati 9 zinahitaji karibu dakika saba kukipepesa mara moja. Sasa mwambie mtu achomeke pasi ya wati 1,000: mara moja kila sekunde tatu na nusu hivi. Toa pasi, washa jagi la wati 2,000, na kitaa kinapepesa mara moja kila sekunde mbili kasoro. Watoto wakiona hayo mara moja hutahitaji kuwahutubia tena kuhusu pasi.

Kabla hujarudisha vitu mahali pake, fanya ukaguzi mmoja wa usalama. Zima swichi kuu. Kitaa hakitakiwi kupepesa kabisa (kwenye baadhi ya mita hubaki kimewaka moja kwa moja, hilo si tatizo). Kikiendelea kupepesa na swichi kuu imezimwa, kuna umeme unaochukuliwa kati ya mita na swichi yako, na hiyo ni kazi ya TANESCO. Kisha washa swichi kuu huku kila kifaa kimechomolewa na kila taa imezimwa. Kikipepesa hapo, waya za nyumba zinavujisha, au kuna kifaa umekisahau darini. Usipande wewe kutafuta, ita fundi mwenye leseni. Waya unaovujisha unaua watu, uniti ni hasara ndogo.

Ukishaizoea mita utaona kwamba walaji wakubwa wa umeme ni wa koo mbili: vinavyochemsha na visivyolala.

Visivyolala ndivyo hatari, kwa kuwa havina kelele. Usiku wa manane, nyumba imetulia, hesabu kitaa kwa dakika kumi kisha ugawanye kwa kumi. Tuseme umepata mara mbili kwa dakika kwenye mita ya 1000. Ni wati 120 tu, unaweza kudharau. Lakini wati 120 kwa saa 24 ni uniti 2.88, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 86. Nyumba hiyo imeshavuka mpaka wa D1 kabla hajaamka mtu kuchemsha chai. Kwa T1 ni zaidi ya shilingi 30,000 kila mwezi kwa ajili ya kulala.

Sehemu kubwa hapo ni friji. Ikiwa inanguruma hutumia kama wati 100 hadi 150, kisha inapumzika, kisha inanguruma tena. Ili kujua yako inakula nini, iache peke yake usiku mmoja, kila kingine kimechomolewa, na usome uniti kabla ya kulala na baada ya kuamka. Friji ndogo iliyo nzima itakula uniti moja au chini yake kwa siku. Friji ya mtumba iliyofika na meli ikiwa na miaka kumi na tano, mpira wa mlango umekauka, inaweza kula mara mbili au tatu ya hapo. Funga mlango ukibana noti, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, mpira umekwisha, na kuubadilisha ni rahisi kuliko kununua friji. Barafu nene kwenye kuta za frizi iyeyushe. Isogeze friji kutoka ukutani ipumue nyuma, na isikae pembeni ya jiko.

Ila tusiseme friji ni adui. Mama anayeuza barafu na juisi za watoto ana frizi inayokula uniti mbili kwa siku, shilingi 712 kwa bei ya T1. Hiyo ni gharama ya biashara kama sukari na vifuko, na akiijua ataiweka kwenye bei. Wengi hawaijui, wanahesabu faida bila umeme, halafu wanashangaa luku ya nyumbani inakwisha haraka tangu biashara ianze.

Kisimbuzi ndicho kinachoshangaza watu zaidi. Ukikizima kwa rimoti, vingi huendelea kula karibu kiasi kile kile. Wati 15 mchana na usiku ni uniti 10.8 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 3,800, na nusu ya muda huo hakuna anayetazama. Kizime ukutani. Vivyo hivyo sabufa. TV yenyewe, hizi za bapa za inchi 32, inatumia kama wati 50, na ikizimwa haina makuu.

Vinavyochemsha vina kanuni moja: maji ni mazito kupashwa moto, na hakuna ujanja wa kulikwepa hilo. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 45 inahitaji karibu nusu uniti, iwe kwa hita ya kutumbukiza, shawa ya umeme au kifaa kingine chochote. Watu watano wakioga maji ya moto kila asubuhi ni uniti mbili na nusu, karibu shilingi 900 kwa siku. Nusu ya ndoo hiyo inamtosha mtu. Jagi la chai halina shida kama unachemsha unachokunywa: lita moja ni uniti 0.1 hivi. Tatizo ni kulijaza kwa ajili ya kikombe kimoja, na kulirudia mara nane kwa siku huku chupa ya chai ikiwa kabatini. Pasi, piga nguo za wiki kwa mkupuo mmoja, mama wa mwanzoni mwa sura alikuwa na hoja.

Kutokana na hayo wengi wanahitimisha kwamba kupikia umeme ni anasa. Hapa vipimo vinasema jambo tofauti. Chukua maharage. Ukiyachemsha kwenye jiko la koili la wati 1,500 kwa saa mbili, unaweza kumaliza uniti mbili hadi tatu. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 linapata joto, linajifunga, na baada ya hapo linawaka na kujizima lenyewe, kwa hiyo maharage hayo hayo yanaiva kwa nusu uniti au pungufu. Ni shilingi 180 hivi kwa T1. Weka bei hiyo kando ya mkaa unaonunua mtaani kwako kwa sufuria moja ya maharage, ujionee. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa maoni yangu, mkakati huo na mpaka wa uniti 75 haviendi pamoja: mpaka unaitosha nyumba yenye taa, TV na friji ndogo, na anayeongeza jiko la umeme juu yake ndiye anayerushwa kwenye bei kubwa.

Kiyoyozi kina sura yake mbele. Kwa sasa itoshe kusema kwamba kiyoyozi cha kawaida cha chumba, usiku mmoja wa Dar es Salaam au Tanga mwezi Januari, kinaweza kula uniti tano, na feni nusu uniti.

Imebaki nyumba ya kupanga, vyumba sita, luku moja. Kuchanga sawa kwa sawa ndiyo desturi, na ndiyo chanzo cha nusu ya ugomvi wa uani. Mwenye taa mbili na TV ya saa tano kwa siku anatumia kama uniti 10 kwa mwezi. Jirani yake mwenye friji inayokula uniti moja na nusu kwa siku anatumia 45 kwa friji peke yake. Kumwambia mwenye friji "aongeze kidogo" hakutoshi, kwa sababu hicho kidogo hakuna anayekijua. Mita ndogo ya kila chumba, inayofungwa na fundi baada ya mita kuu, inamaliza mjadala huo: mwisho wa mwezi kila mtu anasoma uniti zake na kuzizidisha kwa 356. Msipoweza kuinunua, pimeni friji kwa usiku mmoja kama nilivyoeleza, wote mkiwepo, na mkubaliane kwa namba hiyo.

Lakini mita ndogo haiponyi dhuluma iliyo kubwa zaidi. Vyumba sita vya uniti 40 kila kimoja ni uniti 240 kwenye luku moja, na luku hiyo haitakaa D1. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye angekuwa na mita yake mwenyewe angelipa shilingi 4,880, analipa zaidi ya 14,000. Bei nafuu iliyowekwa kwa ajili ya watu kama yeye inamruka kwa sababu anaishi na wenzake. Mwenye nyumba anayejenga leo, aombe luku ya kila mlango tangu mwanzo. Na mpangaji anayetafuta chumba aulize habari ya mita kabla ya kuuliza habari ya choo.

Usiku wa leo hesabu kitaa, upate wati za nyumba yako ikiwa imelala, na uziandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Tutazihitaji katika sura inayofuata, tutakapoingia dukani kununua friji.